NENO SHILINGI NA MATUMIZI YAKE

Neno shilingi hulisikia kila mtoto wa Ifakara kabla hajajua kusoma. Hulisikia sokoni penye samaki wa mto Kilombero, hulisikia mashineni panapokobolewa mpunga, hulisikia nyumbani jioni wazee wanapohesabu mauzo ya siku. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa neno hili ni geni, ya kuwa maana yake imegeuka mara kwa mara, na ya kuwa mtu asiyeijua maana hiyo kwa wakati wake na mahali pake aweza kupunjwa mchana kweupe, hata kwa karatasi aliyoitia sahihi mwenyewe. Kwa hiyo yafaa neno hili lichunguzwe kama mkulima achunguzavyo mbegu kabla ya kuitia ardhini.

Asili yake ni Kiingereza. Katika lugha ile neno lenyewe huishia kwa sauti ya ng', wala Kiswahili hakipendi neno liishie hivyo. Ndiyo sababu likaongezwa irabu mwishoni likawa shilingi, kama vile benki na senti zilivyoongezwa irabu. Waingereza wakitaja shilingi nyingi huongeza herufi s mwishoni mwa neno. Waswahili hawakuichukua s hiyo. Shilingi ni neno la ngeli moja na nyumba, nguo na njia; umoja na wingi wake ni sawa, na upatanisho ndio unaoonyesha hesabu. Husemwa: Shilingi yangu imepotea, shilingi zangu zimepotea. Husemwa shilingi moja, shilingi mbili, shilingi nane. Asemaye "mashilingi" ama anafanya mzaha, ama anataka kuonyesha ya kuwa fedha ni nyingi mno hata zinachukiza. Katika barua na hesabu neno hilo halifai.

Kabla ya shilingi kufika bonde la Kilombero, fedha nyingine zilitangulia, na kila moja imeacha jina lake midomoni mwa watu. Pesa ni neno la Kihindi. Hapo zamani halikuwa na maana ya fedha yote kama lilivyo leo, bali lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Kampuni ya Wadachi ilitengeneza pesa zake yenyewe kuanzia mwaka 1890, pamoja na rupia za fedha zenye sura ya Kaisari wao aliyevaa kofia ya chuma. Kisha mwaka 1904 serikali ya Kidachi iliondoa hesabu ya 64, ikaweka hesabu ya mia: rupia moja ikawa hela 100. Hela ni jina la sarafu ya kale ya Ulaya, nalo latokana na mji wa Hall katika nchi ya Wadachi, mahali ilipopigwa kwanza. Wadachi waliondoka zamani, sarafu zao zimebaki katika nyumba za makumbusho, lakini mtu wa Ifakara bado husema "sina hela." Ajabu ni kwamba mtu wa Mombasa, ambaye nchi yake haikutawaliwa na Wadachi, neno hili si lake; yeye atasema "sina pesa."

Fedha ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini nyeupe ing'aayo ambayo masonara hufulia bangili na vipuli. Kwa kuwa sarafu za thamani zilikuwa za madini hiyo, jina la madini likawa jina la mali. Rupia ilikuwa fedha kweli kweli: katika sehemu 1,000 za uzito wake, sehemu 917 zilikuwa fedha safi. Mwenye rupia mkononi alikuwa na kitu ambacho sonara angekipokea hata kama serikali ingeanguka kesho yake.

Rupia hizo hazikuja bondeni kwa biashara peke yake. Tangu mwaka 1898 Wadachi walitoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba za mashamba. Mtu aliyekuwa na mpunga ghalani, samaki juu ya uchaga na mtumbwi mtoni, asiyepungukiwa na kitu, siku ile alijikuta maskini kwa sababu hakuwa na vipande vitatu vya fedha. Ilimbidi kuuza nta, au mpira wa mwituni, au nguvu za mikono yake. Kodi hiyo, pamoja na kazi za kulazimishwa na mashamba ya pamba, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachoma watu mpaka vita vya Maji Maji vikawaka mwaka 1905, na mnamo tarehe 30 Agosti mwaka huo Wapogoro na Wambunga wakaishambulia boma ya Mahenge. Mwanafunzi asidhani, basi, ya kuwa majina ya fedha ni maneno matupu.

Vita kuu ya mwaka 1914 ilipowazingira Wadachi, meli za kuwaletea sarafu kutoka kwao hazikuweza kupita. Wakapiga sarafu huko Tabora mwaka 1916: hela 5 na hela 20 za shaba nyeupe na nyekundu, na hata kipande cha dhahabu cha rupia 15 chenye picha ya tembo. Wakachapisha pia noti nyingi za karatasi, nyingine kwa karatasi duni sana. Vita vilipokwisha, noti hizo hazikupokewa tena dukani. Aliyekuwa ameficha sarafu ya fedha chini ya kitanda alikuwa na fedha. Aliyekuwa ameficha noti alikuwa na karatasi.

Ndipo shilingi ilipoingia. Mwaka 1919 iliundwa London Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1922 shilingi yake ikawa ndiyo fedha ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Upande mmoja ilikuwa na sura ya mfalme Jorji wa Tano, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Shilingi moja iligawanywa kuwa senti 100. Sarafu za senti 1, senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, hata mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga katika uzi na kuzivaa shingoni. Lakini fedha iliyokuwamo katika shilingi ile ilikuwa sehemu 250 tu kati ya 1,000, yaani robo. Robo tatu zilizobaki zilikuwa madini nyingine. Leo katika shilingi za sokoni haimo fedha hata chembe, ijapokuwa bado zaitwa fedha.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Kwa hesabu hiyo shilingi moja ni nusu rupia, na hela moja ni senti mbili. Watu hawabadili ulimi siku moja na sarafu; kwa muda mrefu baada ya mwaka 1922 wazee waliendelea kuhesabu kwa rupia huku mikononi wana shilingi. Chukua mfano wa mkulima wa Mngeta auzaye mpunga wake. Akilini mwake debe moja ni rupia moja, naye auza madebe kumi. Mnunuzi amhesabia sarafu kumi zing'aazo, moja, mbili, tatu, hata kumi, na kila moja ina kichwa cha mfalme. Hesabu yalingana na madebe, mkulima atosheka, arudi kwake. Asijue ya kuwa amelipwa shilingi 10 badala ya shilingi 20, na nusu ya jasho lake imebaki mfukoni mwa mwingine. Mnunuzi hakusema uongo hata neno moja, alinyamaza tu.

Na kinyume chake huweza kutokea pia, mtu akamlaumu mwenziwe bure. Mathalani, mtu alikopa rupia 6 dukani kabla ya shilingi kuja. Miaka miwili ikapita, akaja na shilingi 6 za kulipa deni, mwenye duka akamdai 12. Mdeni akapiga kelele ya kuwa deni limezaa. Halikuzaa; ni lile lile, limebadili jina tu.

Unguja hesabu ilikuwa nyingine tena. Kisiwani rupia iliendelea kutumika mpaka mwaka 1936, na ilipoondolewa, rupia mbili zilibadilishwa kwa shilingi tatu, yaani rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Basi mahari iliyotajwa kuwa rupia 20 ingekuwa shilingi 40 kwa hesabu ya Ifakara, na shilingi 30 kwa hesabu ya Unguja. Wakwe wawili, mmoja wa bara na mmoja wa kisiwani, wangeweza kugombana mpaka usiku wa manane na wote wawili wakawa wasema kweli.

Liko neno jingine lifaalo kutajwa kwa kuwa huwatatiza wanafunzi, nalo ni sumuni, au kwa matamshi ya pwani, thumuni. Maana yake kwa Kiarabu ni sehemu ya nane. Lakini sumuni ilikuwa jina la senti 50, na senti 50 ni nusu ya shilingi, si sehemu yake ya nane. Imekuwaje? Jibu ni kwamba haikuwa sehemu ya nane ya shilingi kamwe. Zamani pwani yote ilitumia reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Reale moja ilikuwa kama rupia mbili hivi, na rupia mbili ni shilingi nne. Gawanya shilingi nne kwa nane: jibu ni senti 50. Reale imekwenda zake, rupia imekwenda zake, na sumuni ikabaki kama mtoto yatima asiyejulikana ukoo.

Sasa yafuata jambo la kuandika. Waingereza wenyewe, mpaka tarehe 15 Februari mwaka 1971, walihesabu hivi: pauni moja ni shilingi 20, na shilingi moja ni peni 12. Wakiandika shilingi tatu na peni sita, waliandika 3/6. Ule mstari wa mshazari ulio katikati ni herufi s ya kale iliyorefushwa, wala s hiyo kwa asili si ya shilingi. Ni ya sarafu ya dhahabu ya Warumi iliyoitwa solidus. Katika Afrika Mashariki mstari ule ule ulichukuliwa, lakini kilichofuata baada yake kilikuwa senti, si peni. Kwa hiyo 3/50 ilikuwa shilingi tatu na senti hamsini. Mwanafunzi akikuta 3/6 katika kitabu cha hesabu cha Kiingereza cha zamani, asisome shilingi tatu na senti sita. Peni sita ni nusu ya shilingi; kwa hesabu ya Afrika Mashariki ni 3/50. Akikosea hapo amepoteza senti 44, na jibu lake lote litakuwa kombo.

Tena sifuri haina mchezo. Shilingi kumi na mbili na senti tano iliandikwa 12/05. Shilingi kumi na mbili na senti hamsini iliandikwa 12/50. Bibi wa Lupiro asiyejua kusoma akimpa mjukuu wake hati ya deni, akasema, "Mjukuu wangu, nisomee, wananidai ngapi?" na mjukuu akairuka ile sifuri kwa haraka, bibi huyo atafungua kitambaa chake na kutoa zaidi ya impasavyo. Hatajua. Humwamini mjukuu kwa sababu amekwenda shule.

Pasipokuwa na senti, waandishi walitia kistari baada ya mshazari, na baadaye vistari viwili: 1,000/=. Alama hii ingali hai madukani mpaka leo, ijapokuwa senti zenyewe hazionekani tena sokoni. Wengi huiandika bila kujua ni ya nini. Kazi yake ni kufunga mlango: yamaanisha kwamba hapana senti baada ya hapo, wala mtu asije akaongeza tarakimu. Yafaa mwandishi wa hati aandike hesabu kwa maneno pia, na mwisho atie neno tu: Shilingi elfu moja tu. Neno hilo tu si la dharau. Nalo ni kufuli.

Katika kusema, neno shilingi lina kazi ambayo wasemaji wengi huipuuza. Sikiliza watu wawili wanapopatana bei. Mmoja asema, "Elfu kumi na tano." Je, ni 15,000 au ni 10,005? Sokoni wote huelewa 15,000, kwa kuwa hapana auzaye kitu kwa 10,005. Lakini katika hesabu ya chama au katika daftari ya ushirika wa mpunga, tarakimu kama hizo hutokea. Atakaye kutaja 10,005 na aseme: elfu kumi, na shilingi tano. Neno shilingi likiwekwa kati, fumbo limefumbuka. Vivyo hivyo elfu mia na mbili ni 102,000. Elfu mia mbili ni 200,000. Na laki moja na shilingi mbili ni 100,002. Herufi mbili tu za na, zikiongezwa au zikiachwa, zahamisha shilingi 98,000. Mweka hazina asiyetamka vizuri ni hatari kuliko panya ghalani.

Wengine hukwepa shida hii kwa kutanguliza tarakimu, wakasema kumi na tano elfu. Si kosa, na wazee wa pwani waliipenda namna hiyo. Lakini akianza nayo mtu, na aendelee nayo, asichanganye namna mbili katika hati moja.

Neno shilingi hutumika pia pasipo kutaja sarafu yo yote. Asemaye "hana shilingi" ataka kusema hana mali kabisa. Asemaye "natafuta shilingi" yuko kazini. Na katika mchezo wa mpira mwamuzi hurusha shilingi juu ili kujua ni nani atakayechagua goli, hata kama kile akirushacho ni sarafu ya nchi nyingine. Matumizi haya yote ni sahihi. Lakini si sahihi kutumia shilingi mahali pa bei, au bei mahali pa thamani. Bei ni kile wauzaji na wanunuzi walichopatana. Thamani ni kile kitu kinachostahili. Mpunga wakati wa mavuno una bei ndogo, nao ni mpunga ule ule uliokuwa na bei kubwa wakati wa masika. Kadhalika alipwacho mfanyakazi ni mshahara au ujira, kitolewacho kwa chombo cha kusafiria ni nauli, kitolewacho kwa serikali ni kodi au ushuru, na kitolewacho shuleni ni ada au karo. Vyote hulipwa kwa shilingi, wala hakuna hata kimoja kiitwacho shilingi.

Mwisho, yapasa kujua shilingi ni ya nani. Ile shilingi moja ya Afrika Mashariki haipo tena. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni mwaka huo, na siku hiyo shilingi ya Tanzania ikazaliwa, sawa kwa sawa na ile ya zamani. Kenya na Uganda zikatoa zao katika mwaka ule ule. Ndugu watatu walizaliwa na uzito mmoja, lakini hawakukua sawa. Leo shilingi moja ya Kenya hununua shilingi nyingi za Tanzania, na shilingi ya Tanzania ina thamani kuliko ya Uganda. Kwa hiyo mwenye kuandikiana na mtu wa nchi nyingine asiandike shilingi peke yake. Aandike shilingi ya Tanzania, au shilingi ya Kenya, na iwe hivyo tangu mstari wa kwanza.

Wala shilingi ya jana si ya leo hata ndani ya nchi moja. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 7 na senti 14. Leo haipatikani kwa chini ya shilingi 2,000. Sarafu ndogo kabisa ipitayo mkononi mwa mtu wa Ifakara ni ya shilingi 50. Shilingi moja, iliyokuwa na simba na mfalme, ambayo zamani ilitafutwa kwa jasho ili kulipa kodi, sasa haiokotwi hata ikionekana njiani. Ndiyo sababu ahadi ya miaka mingi, kama vile kukodisha shamba kando ya Lumemo kwa miaka ishirini, haifai kuwekwa kwa shilingi zisizobadilika. Wakulima wengine huandika kodi ya shamba kwa magunia ya mpunga, nao wana akili. Gunia ni gunia mwaka huu na mwaka wa ishirini.

MASWALI

1. Mtu aliuza magunia 4 kwa rupia 5 kila gunia mwaka 1923, akalipwa shilingi 20. Je, alipata haki yake? Onyesha hesabu.

2. Andika 2/9 ya Kiingereza kwa hesabu ya shilingi na senti za Afrika Mashariki.

3. Andika kwa tarakimu: elfu arobaini na tano, elfu arobaini, na shilingi tano, elfu mia na tatu, elfu mia tatu.

4. Kwa nini sumuni ni nusu ya shilingi, na jina lake lasema sehemu ya nane?

5. Sahihisha: "Mashilingi yangu matatu yamepotea."

6. Waulize wazee wa kwenu ni majina gani ya fedha waliyoyasikia kwa babu zao, uyaandike, na mbele ya kila jina uandike lilikuwa senti ngapi.